Ukitaka Kuijua Nairobi, Ufuate Mto Ngong

Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kule Embakasi, uko mita 1,624. Kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 20 kutoka hapa hadi pale, na mteremko wake ni mita 174 tu, kiasi kwamba anayepita kwa gari hahisi kitu. Maji yanauhisi. Ukitaka kuelewa kwa nini mkazi wa Karen na mkazi wa Mukuru wanaishi kama watu wa nchi mbili, ilhali wote wanapiga kura ya gavana mmoja, anza na mteremko huo kabla hujataja utajiri wala umaskini.

Mazungumzo mengi kuhusu mitaa ya Nairobi huanzia kwenye kodi ya nyumba, usalama na aina ya magari yaliyoegeshwa. Hayo yote ni matokeo. Mji huu ni mfumo mmoja wa maji unaoteremka kutoka magharibi kwenda mashariki, lakini tangu mwanzo umeendeshwa kana kwamba kila mtaa una mvua yake na mto wake. Njia bora ya kuliona hilo ni kufuata mto mmoja kwa miguu. Mto unaofaa zaidi ni Motoine. Unapita kando ya Dagoretti na ndani ya msitu wa Ngong Road, unaingia Kibera, unajaza Bwawa la Nairobi, na ukitoka hapo unabadilika jina kuwa Mto Ngong. Kisha unapita South B, Eneo la Viwanda, Mukuru na Embakasi mpaka unapokutana na Mto Nairobi upande wa Njiru. Hakuna barabara moja inayopita mitaa mingi hivyo iliyo tofauti hivyo.

Kwanza udongo, kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi. Magharibi, kuanzia Karen, Lavington na Kileleshwa hadi Muthaiga na Runda, udongo ni mwekundu uliozaliwa na volkano. Una kina na unafyonza maji vizuri. Mashariki, kuanzia South B na Embakasi hadi Kayole na Ruai, udongo ni mweusi unaonata. Ukinyeshewa hufura, ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza kiganja cha mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa maana hupanda na kushuka kila msimu, na dalili ya kwanza ni ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Fundi anayeijua kazi yake huuchimba wote mpaka afike kwenye muramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, mara nyingi mita moja hadi mbili, kisha hujaza mawe na muramu na kuushindilia kwa tabaka kabla ya kumwaga zege. Kuchimba, kusomba kwa lori na kujaza upya ni gharama ambayo mwenye ploti ya Karen haijui.

Tofauti kubwa zaidi iko chini ya choo. Nyumba ya Karen isiyo na bomba la majitaka inaweza kuishi miaka mingi kwa tangi la majitaka na shimo la kufyonzea, kwa kuwa udongo unayapokea maji na ploti ni nusu ekari au zaidi. Chukua tangi lilelile ulifukie Embakasi. Mvua ya Aprili ikianza, udongo mweusi umeshashiba, shimo halifyonzi tena, na kilichomo kinarudi juu uani. Kwa hiyo upande unaohitaji mabomba ya majitaka kwa dharura ni mashariki, na ndiko watu wengi zaidi walikojengewa vyumba vingi zaidi kabla mabomba hayajafika.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Reli kutoka Mombasa ilifika mwishoni mwa Mei 1899, mahali Wamaasai walipopaita Enkare Nairobi, maji baridi. Wahandisi walitaka tambarare ya kujenga karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa, na tambarare hiyo ilikuwa na kinamasi. Wakubwa wa reli walipanda kilimani wakajenga huko. Wafanyabiashara wa Kihindi walibanwa kwenye Bazaar, baadaye Ngara na Parklands. Waafrika walihesabiwa kuwa wapita njia. Tauni ilipozuka mara kwa mara, jawabu la utawala halikuwa kukausha kinamasi na kuleta maji. Ripoti ya afya ya Profesa W. J. Simpson, ya mwaka 1913, ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikatengwa kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, mashariki, upande wa chini. Mpango Mkuu wa 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, haukutaja rangi kwa ukali uleule, ila uliacha kila kundi pale lilipokuwa na kuweka viwanda karibu na mitaa ya wafanyakazi.

Pumwani inastahili tusimame kidogo, hata kama haiko kwenye mto wetu. Nyumba za kwanza za Majengo, mtaa ulio ndani ya Pumwani, zilijengwa kwa ramani ya Pwani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa huo tangu siku za mwanzo, miongo kadhaa kabla hakijawa lugha ya taifa. Anayesema Nairobi haina Waswahili wa asili hajatembea Majengo.

Uhuru ulifuta sheria za rangi. Mabomba hayakuhamishwa. Aliyekuwa na pesa alihamia pale mabomba yalipokuwapo, na asiyekuwa nazo alibaki pale yasipokuwapo, kwa hiyo mpaka uleule ukaendelea kufanya kazi kwa kodi ya nyumba badala ya kipande, kile kitambulisho cha kikoloni cha Waafrika.

Sasa tutembee. Siku ya kwanza, anzia upande wa Jamhuri na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Matatu ya 111 inapita barabara hiyo. Hapa Motoine ni kijito chembamba chenye miti, na maji yake, wakati wa kiangazi, yanaweza kukudanganya kwamba mto wenyewe hauna shida. Angalia kinachouzunguka. Kaskazini kuna nyasi za klabu ya gofu iliyoanzishwa mwaka 1906, zimekatwa sawasawa, zinamwagiliwa. Upande wa pili wa uzio ni mabati. Hakuna eneo la kati. Mtaa wa kifahari na mtaa wa mabanda vimegusana kabisa, kwa sababu anayefyeka nyasi, anayepika na anayelinda geti wanahitaji kufika kazini kwa miguu. Mtaa wa mabanda wa Nairobi karibu kila mara uko umbali wa kutembea kutoka mahali penye kazi: Kibera kwa Ngong Road na Lang'ata, Mathare kwa Muthaiga na Pangani, Kangemi kwa Westlands, Mukuru kwa viwanda. Wanaokwenda kazini kwa miguu katika mji huu ni wengi kuliko wanaoendesha magari yao, na matatu karibu zote zinakwenda katikati ya mji kwanza. Anayetoka Kawangware kwenda Embakasi hulipa nauli mbili, na mvua ikinyesha nauli huongezwa papo hapo. Nyumba iliyo karibu na kazi ni akiba ya pesa taslimu, hata ikiwa ya mabati.

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles. Wenyewe waliiita Kibra, yaani msitu. Eneo lilitangazwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, karibu ekari 4,200. Linavyopungua kwa barabara, mitaa ya serikali na reli ni historia yenyewe. Wanubi walisubiri mpaka 2017 kupewa hati miliki ya pamoja ya ekari 288. Majina ya vijiji yanasomeka kama kitabu: Laini Saba, Makina, Lindi, Silanga, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Kianda, Mashimoni. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Idadi ya uvumi iliharibu mambo kwa njia mahususi: miradi ilipangwa kwa watu wasiokuwapo, ikaonekana haiwezekani, ikaachwa.

Tukiwa kwenye takwimu, kuna kosa la kusoma linalojirudia. Sensa ya 2019 inaonyesha Mathare ina zaidi ya watu 68,000 kwa kilomita ya mraba na Lang'ata watu 911. Ulinganisho huo hauna haki, kwa sababu Lang'ata imebeba Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 za simba na vifaru. Itoe mbuga, gawanya upya, utapata karibu watu 2,000. Bado Mathare imezidi kwa zaidi ya mara 30. Tofauti iliyobaki inatosha kushtua, kwa hiyo haihitaji kutiwa chumvi.

Ndani ya Kibera simama kwenye kioski cha maji. Mtungi ni wa lita 20, bei yake hubadilika kwa msimu, na siku ya kawaida tuseme shilingi 5. Mitungi 50 ni yuniti moja, yaani lita 1,000, kwa hiyo yuniti moja inamgharimu mama wa Kibera shilingi 250. Siku mabomba yanapokauka mtungi unafika shilingi 10 au zaidi, na yuniti inakuwa 500. Sasa chukua bili yako ya maji ikiwa unaishi nyumba yenye mita. Gawanya jumla kwa idadi ya yuniti ulizotumia, halafu weka majibu mawili kando kwa kando. Fanya hesabu kama hiyo kwa choo. Choo cha kulipia kwa shilingi 10, familia ya watu watano, mara moja kwa siku kila mmoja, ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya chumba chenyewe. Ndiyo maana usiku watu hutumia mifuko, na ndiyo maana kumhubiria mtu usafi bila kutaja bei ya choo ni kumwonea.

Inama uangalie mabomba yenyewe. Mengi ni ya plastiki, membamba, yamelazwa ndani ya mtaro uleule unaopitisha maji machafu, yameungwa kwa mpira na waya. Watu wengi hudhani hatari ni maji safi kuvuja nje. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake. Maji ya mgao yakikatwa, presha ndani ya bomba hushuka, na bomba huvuta kilicho nje kupitia ufa uleule. Maji yakirudi asubuhi, mtungi wa kwanza ndio mchafu kuliko yote, na mara nyingi ndio unaochotwa kwa ajili ya uji wa watoto. Kwa hiyo acha maji ya mwanzo yaende, jaza ya kunywa baadaye, uyachemshe. Sehemu za Kibera zimeyapandisha mabomba juu ya nguzo, na hilo si pambo: bomba lililo hewani likivuja linaonekana, na likivuta linavuta hewa.

Choo cha shimo kinapojaa, lori la kunyonya haliwezi kuingia kwenye kichochoro cha upana wa mita moja. Vijana huchota kwa ndoo usiku, wakajaza mapipa, wakayasukuma kwa mkokoteni. Kama kuna shimo la bomba kuu karibu, humwaga humo. Kama halipo, mto upo. Kazi hii ndiyo inayoushikilia mtaa usizame, na wanaoifanya hudharauliwa na kukimbizwa. Mji wenye akili ungewapa glavu, leseni na mahali pa kumwaga kila baada ya mita mia kadhaa.

Chini kabisa ya Kibera liko Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji na mahali pa starehe. Palikuwa na klabu ya mashua za tanga. Kwa miaka mingi limekuwa uwanja wa gugumaji na tope, mahali pengine unaona watu wanalima juu yake. Simama ukingoni, utazame kushoto Kibera na kulia maghorofa ya Lang'ata. Wengi hulaumu Kibera peke yake. Bwawa limejaa vitu vitatu tofauti: majitaka, ambayo ni chakula cha gugumaji, takataka ngumu, na udongo uliosombwa kutoka kila kiwanja cha ujenzi kilicho juu, pamoja na vya mitaa yenye mageti. Ukisafisha gugumaji bila kuzuia majitaka, baada ya miezi michache limerudi. Limesafishwa hivyo zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo mvua inapoingia. Ploti ya nusu ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Zamani Kilimani na Kileleshwa ploti kama hiyo ilikuwa na bangaloo moja na bustani. Sasa ina maghorofa, maegesho na sakafu ya zege ukuta hadi ukuta. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu yake, hiyo ni lita 100,000 za maji, sawa na mitungi 5,000 ya Kibera, na bustani iliyokuwa ikinywa sehemu yake haipo tena. Maji yote huingia mtaroni ndani ya saa moja au mbili. Zidisha kwa ploti mia kadhaa. Tangi la lita 10,000 ambalo majengo mengi hulionyesha kama uvunaji wa maji linabeba sehemu moja tu kati ya kumi ya mvua hiyo, na mara nyingi huwa limejaa tayari. Na chini ya maghorofa hayohayo kuna mabomba ya majitaka yaliyopimwa kwa ajili ya bangaloo. Mwenye nyumba huchimba kisima, huagiza bauza la maji, hununua jenereta, na huona amejitegemea. Kinachotoka kwake hakina geti.

Siku ya pili, anzia South B. Mto sasa unaitwa Ngong na unanuka. Ukifuata Enterprise Road unaingia Eneo la Viwanda, na nyuma ya kuta za viwanda ndipo Mukuru ilipo: Kayaba, Viwandani, kwa Reuben, kwa Njenga. Sehemu kubwa ya ardhi hii iligawiwa kampuni na watu binafsi miaka ya 1980 kwa masharti ya kujenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga, hati zikawekwa rehani benki, ardhi ikajaa watu. Matokeo yake ni fundo gumu: mwenye hati haishi hapo, anayeishi hana hati, mwenye vyumba anavyokodisha naye hana hati, na kampuni ya maji haiwezi kulaza bomba kihalali katika ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa yake. Pengo hilo ndilo soko la wauzaji wa maji na umeme wa kuunganishwa kiholela. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa eneo maalum la kupangwa, na wakazi wenyewe walihesabu, walichora na kujadili mpango wao. Ni hatua bora kuliko yoyote ya kubomoa. Lakini Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha na barabara kuu ya juu, na maelfu ya familia zikalala nje ya mahali palipokuwa pakipangwa.

Chumba cha Mukuru ni futi 10 kwa 10. Pazia linagawanya kitanda na jiko. Ukuta wa mabati mchana huwa joto hata kuugusa, na usiku maji ya pumzi hudondoka kutoka paani. Ni kitu kimoja ambacho anayepita barabarani hawezi kukiona, na kinaeleza vifua vya watoto kuliko vumbi la nje.

Septemba 2011, katika kijiji cha Sinai, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaro wa maji ya mvua unaoelekea mtoni. Watu wakaja na mitungi. Ikawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Waliokufa waliambiwa wajinga na walafi. Lakini mtaro huo ulipita katikati ya nyumba, na bomba lilipita hapo kabla. Aliyeruhusu vitu hivyo vitatu vikae pamoja hakuwa mwenye mtungi.

Vuka Outer Ring Road uingie Pipeline. Wengi husahau kuiweka kwenye orodha ya mitaa ya kustaajabisha kwa kuwa imejengwa kwa mawe. Maghorofa sita, saba, nane, bega kwa bega, ukumbi katikati na vyumba kando. Chumba cha ndani hupata mwanga kutoka kwenye tundu la katikati ambalo pia ndilo la nguo, moshi na sauti. Lifti hakuna. Maji yakikatika, mtungi hubebwa kwa ngazi na aliyebeba hulipwa kwa kila ghorofa. Angalia mahali ngazi inapoanza: moja tu, nyembamba, mara nyingi imezibwa na pikipiki. Moto ukianzia chini, hakuna njia nyingine. Na kumbuka udongo mweusi. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, karibu kabisa na mto, wakati wa mvua. Karibu watu 50 walikufa. Msingi dhaifu, zege duni na maji ya mto vilikutana, na hivyo vyote vilionekana kabla.

Anayetaka kutembea njia hii afuate mambo machache. Aende asubuhi, saa mbili hadi saa sita, wakati vichochoro vina watu. Mvua kubwa ikinyesha, asubiri siku mbili. Madaraja ya mbao husombwa na tope huteleza. Kibera na Mukuru aende na mkazi, na malipo yaafikiwe kabla ya kuanza. Matatu ya 8 humfikisha Kibera. Awe na sarafu za kununulia maji na kulipia choo, akitumie. Ndiyo njia pekee ya kuelewa bei. Asipige picha vyoo, watoto, wala mtu anayeoga nje. Na afanye sehemu ya Dagoretti kwa umakini uleule, kwani wanaotembelea mitaa ya mabanda bila kupanda juu kutazama maji yanakoanzia hurudi na huruma, bila maelezo.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifanya Mathare na Mukuru zizame. Serikali iliamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, kwa notisi ya saa 24, kisha ikabomoa. Ni kweli kwamba Agosti 2018 majumba ya biashara yaliyokaa kwenye mkondo wa maji, kama Ukay kule Westlands na South End kwenye barabara ya Lang'ata, yalibomolewa pia. Lakini kingo za mto zina vipimo vingi katika sheria zetu, kuanzia mita 2 hadi 30 kutegemea upana wa mto na kanuni inayosomwa, na katika mtaa wa juu suala hilo hupelekwa mahakamani kwa miaka. Chini, hupimwa kwa tingatinga. Zaidi ya haki, kuna suala la ufundi. Kuondoa nyumba ukingoni hakupunguzi hata lita moja ya maji yanayokuja. Kinachopunguza ni kulazimisha kila jengo jipya la magharibi lishike mvua ya saa ya kwanza katika tangi linaloachwa tupu kwa makusudi, na kurudisha maeneo ya kufyonza. Hilo linaweza kuandikwa kwenye kibali cha ujenzi leo, na mkaguzi analithibitisha kwa kufungua mfuniko.

Jambo la pili ni bomba kuu la majitaka. Kwa kuwa majitaka husafiri kwa mteremko, mabomba makuu yamelazwa kando ya mito kuelekea mitambo ya kusafishia ya Ruai. Mashimo yake ya kukagulia hutunzwa vibaya. Mengine huzibwa makusudi ili maji yafurike na kumwagilia sukumawiki. Shimo moja likizibwa, majitaka ya mitaa kadhaa huingia mtoni hapohapo, na mkaguzi anayekwenda Ruai kupima hakuti kitu kibaya, kwa kuwa hayajafika. Kulinda mashimo hayo ni kazi rahisi kuliko kujenga mtambo mpya, lakini haina utepe wa kukata, labda ndiyo sababu haifanywi.

Baada ya Njiru mto unatoka mjini. Unaingia Athi, unapita maporomoko ya Fourteen Falls ukiwa na povu, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Njiani, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa la Thwake. Maji yake yamepangiwa kunywewa na watu wa Makueni, Kitui, Machakos na mji mpya wa Konza.